Nani amfanyie nani kazi: jibu kuhusu timu ya wasichana ya mbio za baiskeli

Swali: Mimi ni mwalimu wa michezo katika shule ya sekondari mjini Mtwara. Nina wasichana tisa wanaoendesha baiskeli, wenye umri wa miaka 16 hadi 21, na baadhi yao wamekwishamaliza shule. Tuna baiskeli nne za mashindano zilizotumika. Nyingine ni za kawaida. Mwaka jana tulikwenda kushindana mkoa mwingine. Wawili kati ya wasichana wangu walikuwa na nguvu kuliko wote waliokuwapo, lakini walifukuzana wao kwa wao, na msichana wa timu nyingine akakaa nyuma yao hadi mita mia mbili za mwisho, akawapita. Zawadi ya mshindi wa pili ikazua ugomvi ambao haujaisha. Nifanyeje ili hawa tisa wawe timu, na siku ya mashindano niiongozeje?

Jibu: Mwalimu, wasichana wako wawili hawakuzidiwa miguu. Walishindwa kwa sababu walipopanda baiskeli asubuhi ile hakuna aliyekuwa amewaambia ni nani kati yao anayetafutiwa ushindi, na mwingine atapata nini akimsaidia. Hilo ndilo nitakalolieleza kwa urefu, kwa kuwa baiskeli, chakula, mazoezi na vibali vina njia zake na hupatikana kidogo kidogo, ilhali kikosi kisicho na makubaliano hayo hakiwi timu hata kikipewa baiskeli za mamilioni.

Mbio za barabarani zina jambo moja linalozitofautisha na riadha. Anayekwenda kilomita 35 kwa saa mahali tambarare hutumia sehemu kubwa ya nguvu zake kuikata hewa iliyo mbele yake, na anayemfuata kwa karibu, ndani ya nusu mita nyuma ya tairi lake, huokoa robo hadi theluthi ya nguvu hizo. Kwa hiyo aliye mbele humlipia aliye nyuma, apende asipende. Yule msichana aliyewapita wenzake katika mita za mwisho alikuwa amelipiwa safari nzima, na waliomlipia ni hao hao wawili: kila mmoja alipojaribu kuchomoka alifuatwa na mwenzake, na mgeni akaja bure mgongoni mwao.

Usidhani kwamba kosa hili ni la wasichana wa mikoani peke yao. Tarehe 27 Septemba 2025 mjini Kigali, katika mashindano ya dunia ya barabarani yaliyofanyika Afrika kwa mara ya kwanza, wanawake walishindana umbali wa kilomita 164.6 kwenye vilima vikali. Waliopewa nafasi kubwa walikuwa watu kama Demi Vollering wa Uholanzi na Pauline Ferrand-Prévot wa Ufaransa, aliyekuwa ameshinda Tour de France ya wanawake mwezi Agosti mwaka huo huo. Wakubwa hao walitazamana. Kila mmoja alingoja mwingine aanze kufukuza, na walipokuwa wakingojana, waliochomoka mbele walizidi kwenda zao. Magdeleine Vallieres wa Kanada, ambaye katika timu yake ya kawaida alizoea zaidi kuwafanyia wengine kazi, ndiye aliyeshinda. Niamh Fisher-Black wa New Zealand akawa wa pili na Mavi García wa Hispania wa tatu. Waonyeshe wasichana wako sehemu ya mwisho ya mbio hizo kwenye simu, kisha waulize ni nani aliyepaswa kufukuza na kwa nini hakufukuza. Jioni moja ya mazungumzo hayo itawafundisha mengi kuliko wiki ya mazoezi.

Sasa tazama namna wawili wenye nguvu wanavyoweza kuitumia hali ile ile iliyowaangusha. Mmoja anachomoka. Mwenzake hamfuati, anakaa nyuma ya yeyote anayefukuza, na hashiki zamu ya kwenda mbele hata akigombezwa, kwa sababu wa timu yake yuko mbele na kila anayeujua mchezo huu anaelewa kwamba hana wajibu wa kumfukuza. Anayefukuza anabaki na njia mbili, zote mbaya kwake. Akiacha kufukuza, aliye mbele anashinda. Akifukuza hadi amfikie, atamfikia akiwa amechoka, tena amembeba mgongoni mtu aliyepumzika, ambaye dakika hiyo hiyo anachomoka kwa zamu yake, huku yule aliyefikiwa akianza kupumzika nyuma. Mashambulizi matatu au manne ya namna hiyo humvunja hata mtu mwenye nguvu kuliko kila mmoja wao. Kwa hiyo, Mwalimu, kuwa na wawili walio karibu sawa ni bahati ambayo makocha wengi wanaitamani, na wewe unayo tayari.

Kinachozuia ni imani na fedha. Msichana anayeacha kufuata baiskeli ya mwenzake anakubali kwamba jina lake halitatangazwa siku hiyo, na nyumbani wataulizana kwa nini amekuwa wa saba. Hawezi kukubali hivyo kwa sababu umemwambia awe na upendo. Atakubali akijua kwamba mgawanyo wa zawadi umekwishaandikwa, na kwamba zamu yake ya kutafutiwa ushindi ipo na ina tarehe. Katika timu kubwa za Ulaya desturi ni ya muda mrefu: fedha za zawadi huingizwa katika chungu kimoja na kugawanywa kwa waendeshaji, na mara nyingi mafundi na wasaidizi nao hupata. Nakushauri ufanye vivyo hivyo kwa hesabu rahisi ambayo hata mdogo wao anaweza kuirudia. Tuseme zawadi ni shilingi 300,000, nanyi mlipeleka waendeshaji watano na fundi mmoja. Sehemu moja kati ya tano, yaani shilingi 60,000, iende kwenye mfuko wa timu kwa matairi na nauli. Zinazobaki 240,000 zigawanywe sawa kwa sita, kila mtu 40,000, aliyeshinda na aliyemaliza wa mwisho baada ya kuwapa wenzake maji yake. Mshindi abaki na kikombe, medali na picha. Wapo watakaokuambia mshindi aongezewe kidogo. Mimi sikubaliani nao kwa timu changa, maana hicho kidogo ndicho kitakachowafanya wawili wako waanze tena kutazamana.

Makubaliano hayo yaandikwe kwenye karatasi, yasomwe mbele ya wote tisa, kila mmoja atie sahihi, na kwa walio chini ya miaka 18 mzazi atie sahihi pia. Kabla ya kikao hicho zungumza na wale wawili, kila mmoja peke yake, mahali pa wazi. Usiwatake warudie yaliyotokea mwaka jana wala kuamua nani alikosa. Waeleze hesabu ya upepo kama nilivyokueleza hapo juu, na waambie kwamba hawakuwa na maelekezo, jambo ambalo ni kweli. Kisha tangaza viongozi wa mashindano yanayokuja kwa kufuata njia yenyewe: penye vilima atafutiwe ushindi aliye mwepesi kupanda, penye tambarare aliye na kasi ya mwisho. Ikiwa wanalingana kwa yote, wapokezane, na usibadilishe zamu kwa sababu mmoja ameonekana mzuri mazoezini wiki ile.

Nafasi nyingine inayohitaji uangalifu wako ni nahodha wa barabarani. Huyu si lazima awe na kasi. Anatakiwa awe na sauti ambayo wenzake wanaisikia, asiyechanganyikiwa, anayekumbuka namba za wapinzani na anayegundua kwamba kuna mtu amechomoka kabla hujapiga kelele kutoka kando ya barabara. Mara nyingi ni yule ambaye mazoezini anageuka kumsubiri aliyepasuliwa tairi, na wewe unamjua tayari. Wengine wapewe kazi zinazotajika: huyu anabaki na kiongozi hadi kilomita kumi za mwisho, huyu anarudi nyuma kuchukua maji, huyu anafuata kila anayechomoka katika nusu ya kwanza ya mbio. Kazi yenye jina humpa mtu haki ya kusema mwishoni kwamba ameitimiza, hata kama alimaliza dakika tano nyuma ya kundi.

Kuhusu mahali pa mazoezi, mko mahali pazuri kuliko mnavyofikiri. Barabara ya kutoka Mtwara kupita Naliendele na Nanguruwe hadi Mnivata ina kilomita 50 za lami, inaelekea kusini-magharibi, na katika miezi ya kusi upepo unaotoka kusini-mashariki huipiga ubavuni: kushoto mkienda, kulia mkirudi. Upepo wa ubavuni ndio mwalimu mkuu wa mchezo huu. Ukivuma kutoka mbele, kinga iko moja kwa moja nyuma ya mwenzako, lakini ukivuma kutoka kushoto, kinga inahamia nyuma kidogo upande wa kulia, na waendeshaji wanaojua hupanga mstari wa mshazari, kila mmoja akiwa nyuma na kuliani mwa aliyemtangulia. Asiyejua hubaki ukingoni amejipanga nyuma ya wenzake katika mstari ulionyooka, bila kinga yoyote, na baada ya dakika chache anaachwa bila kuelewa kwa nini. Timu ya wasichana watano wanaoweza kupanga mshazari kwa haraka na kupokezana inaweza kulikata kundi la watu thelathini vipande vipande.

Fundisheni jambo hilo kwa hatua. Wiki mbili za kwanza fanyeni uwanjani au kwenye barabara ya mtaa isiyo na magari, mkifuatana kwa umbali wa mita moja, kisha nusu mita, macho yakitazama mabega ya aliye mbele badala ya tairi lake. Baiskeli ya kawaida ya Phoenix inatosha kabisa kwa somo hili, mradi wote walio kwenye kundi lile wana baiskeli za aina moja. Kisha nendeni barabarani wanne wanne, kwa kuwa upande mmoja wa barabara hauwezi kubeba zaidi ya hao kwa usalama, na msivuke mstari wa katikati kamwe. Upepo ukitoka kushoto, wa kwanza akae karibu na ukingo na wenzake wajipange kuelekea katikati. Ukitoka kulia mnaporudi, wa kwanza akae karibu na mstari wa katikati na wenzake wajipange kuelekea ukingoni. Anayemaliza zamu hutoka kwa kuelekea upande ambako upepo unatoka, ndiyo maana wa kwanza huacha nafasi ya baiskeli moja upande huo ili asivuke mstari wala ukingo, anapunguza kidogo, na kurudi nyuma akiwakinga wanaopanda mbele. Zamu ziwe fupi, sekunde 20 hadi 30, na anayeshika zamu asiongeze mwendo: aliyezoea kuonyesha nguvu kwa kuongeza mwendo kila anapofika mbele anawavunja wenzake, hata kama nia yake ni njema. Alfajiri upepo huwa mdogo, kwa hiyo somo la mshazari lipangieni saa nne asubuhi siku ya Jumamosi au saa kumi jioni, ingawa jua ni kali, na mazoezi mengine yote yafanyike kuanzia saa kumi na mbili asubuhi.

Barabara ya Mikindani kuelekea Mnazi Mmoja ni nzuri kwa vilima vyake vifupi, lakini inabeba malori ya makaa ya mawe yanayokuja bandarini kutoka Ruvuma, na msimu wa korosho malori huongezeka zaidi. Mkiitumia, iwe Jumapili asubuhi na mapema, kwa makundi ya watu wanne, pikipiki yenye taa za tahadhari ikiwa nyuma, na polisi wa usalama barabarani wakiwa wamearifiwa. Helmeti ni lazima kwa kila mtu kila siku. Asiye nayo hapandi.

Ratiba ya juma isizidi siku nne kwa walio shuleni. Siku moja iwe ya mwendo mkali: baada ya kupasha mwili, dakika nne kwa nguvu ambazo mtu hawezi kuongea zaidi ya neno moja, kisha dakika tatu polepole, mara nne. Siku moja iwe ya upepo na kupokezana. Siku moja iwe ya safari ndefu ya mwendo wa kuzungumza, mkianzia kilomita 40 na kuongeza kidogo kidogo hadi 80 au 90, na siku moja iwe nyepesi kabisa. Kila wiki ya nne punguzeni karibu nusu. Huhitaji vipimo vya gharama. Chagua kipande cha kilomita 10 kwenye barabara ile ile ya Naliendele, saa ile ile ya alfajiri isiyo na upepo, mpime muda wa kila mmoja mara moja kwa mwezi na uuandike daftarini. Walio na umri wa miaka 17 na 18 wasikimbizwe mbali mno: katika mashindano ya dunia ya Kigali wasichana wa rika hilo walikwenda kilomita 74, chini ya nusu ya walizokwenda wakubwa.

Kwa baiskeli nne, wapangieni kwa ukubwa wa fremu na si kwa ubora wa mwendeshaji. Urefu wa kiti upimeni hivi: msichana asimame bila viatu akiegemea ukuta, mpime kutoka sakafuni hadi msambani, zidisheni kwa 0.88, na matokeo yawe umbali kutoka katikati ya krenki, yaani mhimili ambao pedali huzunguka, hadi juu ya kiti. Mwenye sentimita 78 atahitaji takriban 68 na nusu. Kwa kuwa baiskeli moja itatumiwa na wawili au watatu, kila msichana awe na rangi yake ya utepe wa umeme iliyofungwa kwenye nguzo ya kiti, ili kiti kishushwe au kupandishwa hadi alama yake bila kupima upya. Magoti mengi huharibika kwa sababu ya kiti kilichoachwa kwa kipimo cha mwingine. Fedha ya kwanza mkiipata isiende kwenye fremu mpya. Iende kwenye matairi mazuri ya milimita 28 au zaidi, breki, cheni, kisanduku cha tyubu na solusheni, na suruali fupi zenye pedi, ambazo huvaliwa bila nguo ya ndani. Fundi wa mtaani anayewatengenezea baiskeli, mkataba wake ni ule mgao wa zawadi. Mfanyeni ajione mwanatimu tangu siku ya kwanza.

Sasa familia. Huku kwetu, kwa Wamakonde, Wamwera na Wamakua, ruhusa ya binti mara nyingi haiishii kwa baba. Mama anasikilizwa na mjomba ana neno lake, kwa hiyo ukienda kuomba ruhusa ya safari waombe wote waketi pamoja, la sivyo utapewa ruhusa leo na kunyimwa siku ya kuondoka. Ukiulizwa kuhusu mavazi, jibu lipo na ni la heshima: mikono mirefu na suruali ndefu ya kubana chini ya nguo pana ya mazoezi haizuii kitu, na kitambaa chepesi hukaa vizuri chini ya helmeti. Masomah Ali Zada, mzaliwa wa jamii ya Waafghanistani aliyekuwa katika timu ya wakimbizi, alishindana kwenye Olimpiki ya Tokyo akiwa amefunika nywele. Likizo za Juni na Desemba familia nyingi zina shughuli za jando na unyago, na kuanzia Oktoba wasichana wanahitajika kuokota korosho; panga mapumziko ya timu yaangukie hapo, na usimwadhibu anayekosa. Mwezi wa Ramadhani mazoezi yawe mafupi na mepesi, dakika 40 hivi kabla tu ya futari. Na jambo moja lisijadiliwe: timu isisafiri wala kulala popote bila mwanamke mtu mzima anayeaminiwa na wazazi, na hakuna kocha, fundi wala mfadhili anayekutana na msichana faraghani.

Miili yao nayo izungumzwe waziwazi, ikiwezekana na mwanamke. Msichana ambaye hedhi yake imekatika kwa miezi mitatu tangu aanze mazoezi makali, na si mjamzito, kwa kawaida anakula kidogo kuliko anavyotumia, na akiendelea hivyo mifupa yake inadhoofika. Apelekwe kwa daktari na mazoezi yapunguzwe. Hakuna anayeruhusiwa kumwambia msichana apunguze uzito ili apande vilima. Pimeni wingi wa damu mwanzoni mwa msimu katika zahanati au hospitali ya Ligula, kwa kuwa malaria, minyoo na hedhi nzito humfanya mtu mwenye moyo mkubwa aonekane mvivu. Chakula cha nyumbani kinatosha kikiwa cha kutosha: ugali au mihogo, mbaazi, samaki, mboga za majani, na korosho zenyewe. Njiani, safari ikizidi saa moja na nusu, kila mmoja apate gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa, yaani ndizi moja au mbili mbivu, au tende chache, pamoja na nusu lita ya maji au zaidi kwa joto letu. Kinywaji mtengeneze wenyewe: lita moja ya maji safi, vijiko vikubwa vitano vya sukari, robo ya kijiko cha chai cha chumvi, na limau.

Nakuja kwenye kuongoza siku yenyewe. Sehemu kubwa ya kazi yako inakwisha jana yake. Ipite njia yote kwa pikipiki au daladala, uandike kila kilomita yenye kona kali, mchanga, matuta, daraja jembamba na mahali upepo utakapobadilika, kisha kila msichana abandike karatasi ndogo yenye mambo sita au saba kati ya hayo kwenye usukani, iliyofunikwa kwa plastiki. Jioni keti nao kwa nusu saa, si zaidi. Taja kiongozi, taja nani anafuata wanaochomoka, taja mahali mtakapojaribu jambo lenu, na taja mpango wa pili endapo kiongozi ataanguka au kupasuliwa tairi: nani anampa gurudumu lake, nani anakuwa kiongozi. Amri moja irudiwe na kila mmoja kwa sauti yake: wa kwetu akiwa mbele, hatufukuzi.

Wakati wa mbio, kazi yako kubwa ni kuwapa habari. Tarehe 25 Julai 2021, katika Olimpiki hiyo hiyo ya Tokyo, Waholanzi walikuwa na wanawake wanne ambao kila mmoja angeweza kushinda. Hawakuruhusiwa redio za mawasiliano. Anna Kiesenhofer wa Austria alichomoka tangu mwanzo na wenzake wachache, akawaacha, akaenda peke yake hadi mwisho, na Waholanzi waliowafikia wale wengine walidhani wamewamaliza wote. Annemiek van Vleuten alivuka mstari akiinua mikono kwa furaha ya medali ya dhahabu, wakati Kiesenhofer alikuwa amekwishamaliza sekunde 75 kabla yake. Ikiwa hilo liliwapata walio bora duniani, litawapata wasichana wako pia msipojipanga.

Nanyi hamhitaji redio. Wasichana wanne ambao hawashindani siku hiyo wagawane njia, kila mmoja na simu, ubao mdogo mweusi na chaki. Aliye kituo cha kwanza anachagua mnazi au nguzo, anaanzisha saa anapopita wa mbele, anaisimamisha linapopita kundi, na kumpigia wa kituo kinachofuata, ambaye anaandika kwa herufi kubwa: idadi ya walio mbele, namba zao, na pengo kwa dakika. Kanuni ya zamani ya mchezo huu husema kwamba kundi linalofukuza kwa mpango hurudisha dakika moja kwa kila kilomita kumi. Katika mbio zetu, ambamo makundi ni madogo na hayapokezani vizuri, kundi hurudisha pungufu ya hapo, kwa hiyo aliyechomoka, akiwa mbele kwa dakika mbili huku zimebaki kilomita 20, umhesabu kuwa ameshinda isipokuwa timu yako yenyewe ikubali kufukuza, na ukiamua kufukuza, amua mapema.

Usimpigie kelele msichana anayepita akiwa hoi. Atasikia sauti yako bila maneno. Ubao usomeke, wewe mwenyewe usimame juu ya kilima ambapo mwendo ni mdogo, mkononi uwe na chupa za maji, na umwambie nahodha sentensi moja. Baada ya kumaliza msizungumze makosa hadi wamekula na kulala. Kesho yake kila mmoja aeleze kwanza kazi aliyopewa na kama aliifanya.

Kwa usajili, mwone afisa michezo wa halmashauri upate utaratibu wa kusajili klabu kwa msajili aliye chini ya Baraza la Michezo la Taifa, na mjitambulishe kwa chama cha baiskeli, CHABATA, ili mjue kalenda. Baiskeli ziandikwe kuwa mali ya klabu. Ukitafuta wafadhili, anza na vyama vya ushirika vya wakulima wa korosho, na barua ifike kabla ya minada ya Oktoba, ikiwa na daftari lako la muda wa kilomita 10 na karatasi ya mgawanyo wa zawadi. Mtu anayetoa fedha za wakulima anataka kuona kwamba zitagawanywa kwa haki. Waliotimiza miaka 18 wanaweza pia kuunda kikundi na kuomba mkopo unaotokana na asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri kwa ajili ya kibanda cha vipuri na ufundi, lakini wasiuchukue kununulia baiskeli za mashindano, kwa sababu mkopo unarudishwa na mbio hazina mshahara.

Kwa msimu huu nakushauri mshiriki mashindano mawili au matatu tu, ya karibu, na mpeleke watano. Kabla ya yale ya kwanza, wachukue wale wawili peke yao kwenye kipande cha Naliendele, waende kilomita 20 wakipokezana kila nusu dakika, na upime muda pale msichana wa pili anapovuka mstari, si wa kwanza. Rudieni wiki inayofuata. Yule mwenye nguvu zaidi siku hiyo atalazimika kujifunza kumkinga mwenzake ili muda wake mwenyewe upungue, nao watalazimika kusemeshana, angalau kuhusu upepo.